Kupima mvinyo ndani ya pipa bila kulifungua

Mvinyo uliotiwa kwenye pipa la mwaloni hupungua hata kama hakuna tone lililovuja. Maji na alkoholi hupenya kwenye mbao taratibu na kutoka nje kama mvuke. Pipa la kawaida la Bordeaux, Ufaransa, hubeba lita 225, la Burgundy, nchini humohumo, lita 228, na kwa mwaka hupotea takribani asilimia 2 hadi 5, kutegemea joto na unyevu wa ghala. Chukua asilimia 4: ni lita 9 kwa mwaka, yaani robo tatu ya lita kila mwezi. Hewa ya ghala ikiwa kavu, yanayotoka kwa wingi ni maji na mvinyo huzidi kuwa mkali. Ikiwa na unyevu mwingi, alkoholi ndiyo inayotangulia.

Hasara hiyo inavumilika. Kinachoogopwa zaidi ni nafasi tupu inayoachwa juu ya mvinyo, kwa sababu palipo na hewa pana oksijeni, na bakteria wa jamii ya Acetobacter wakipata oksijeni hugeuza alkoholi kuwa asidi ya siki. Ndiyo maana mapipa hujaziwa mara kwa mara. Lakini ili ujue pipa gani linahitaji kujaziwa na kwa kiasi gani, ni lazima ung'oe kizibo, na hapo unaingiza hewa ileile unayoikimbia. Pipa lililozibwa vizuri huwa na mgandamizo mdogo ndani kuliko nje, hivyo kizibo kikilegea tu hewa huvutwa kwa nguvu. Ongeza kijiti cha kupimia kinachotoka pipa moja kwenda jingine, kikibeba vijidudu vya pipa lililoharibika hadi lililo zima.

Upimaji wa kina cha mvinyo bila kugusa ulibuniwa kuondoa kero hiyo. Ni njia yoyote ya kujua uso wa mvinyo umefika wapi bila kifaa kulowana, na ikiwezekana bila kizibo kuondolewa kabisa. Masharti haya mawili hayako sawa. Kihisi, yaani kifaa kinachohisi na kupima, kikifungwa ndani ya kizibo hakigusi mvinyo, ila kinakaa kwenye mvuke wake siku zote. Kihisi kilichobandikwa nje ya pipa hakigusi chochote cha ndani. Wauzaji wa vifaa huita vyote viwili kwa jina moja, na mnunuzi afadhali aulize anauziwa kipi.

Kabla ya kufika kwenye vihisi, umbo la pipa lenyewe linastahili kutazamwa. Mwaka 1613, huko Linz, Austria, mwanahisabati na mwanaastronomia Johannes Kepler alinunua mvinyo kwa ajili ya harusi yake akamwona muuzaji akipima mapipa kwa kuingiza fimbo kwa mshazari kupitia tundu la kizibo, kisha akitaja bei kwa urefu uliosomeka. Kepler hakuridhika, kwa kuwa mapipa mawili yenye maumbo tofauti yanaweza kutoa urefu mmoja wa fimbo na ujazo usiolingana. Mwaka 1615 alichapisha kitabu kizima cha hesabu juu ya suala hilo.

Mpimaji wa leo amerithi tatizo hilohilo, na kwa pipa lililolazwa ubavu ni kali zaidi kule juu. Mbao zimepinda pande zote, kwa hiyo pipa linapokuwa karibu kujaa, uso wa mvinyo ni kidimbwi chembamba chini ya tundu. Ukikokotoa kwa vipimo vya pipa la lita 225, sentimita ya kwanza kutoka juu ina takribani robo lita tu. Katikati ya pipa, sentimita moja ina lita tano na ushei. Lita moja ikiondoka kwenye pipa lililojaa, uso hushuka sentimita mbili hivi. Hii ni habari njema: upungufu mdogo huonekana wazi. Ubaya wake ni kwamba kila jambo la maana hutokea ndani ya sentimita chache za juu, mahali ambapo vihisi vingi ni vipofu.

Upofu huo unaeleweka vizuri kwa kutazama mawimbi ya sauti isiyosikika, njia inayojaribiwa na wengi kwanza. Kifaa hutuma mlio, husubiri mwangwi kutoka kwenye uso wa mvinyo, kisha hugeuza muda kuwa umbali. Kwenye hewa yenye nyuzi 20 za Selsiasi sauti huenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo uso ulio umbali wa sentimita 2 hurudisha mwangwi kabla ya sehemu moja ya elfu nane ya sekunde kuisha. Wakati huo kisahani kilichotoa mlio bado kinatetemeka na hakiwezi kusikia kitu. Vihisi vya matangi makubwa vinaweza kuhitaji sentimita 20 au zaidi za nafasi tupu, na mwenye mvinyo atakayekubali nafasi hiyo kwenye pipa lake hajapatikana. Tatizo hili hutatuliwa kwa kukiinua kihisi juu ya bomba fupi, ingawa bomba nalo huleta miangwi ya kuta zake.

Kuna na gesi. Mvinyo mchanga bado hutoa kaboni dioksaidi, ambamo sauti hujikokota kwa mita 270 hivi kwa sekunde. Kifaa kisichojua hilo hudhani uso uko mbali: nafasi ya sentimita 10 iliyojaa gesi hiyo itasomeka kama karibu 13. Joto nalo hubadilisha mwendo wa sauti kwa takribani mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja, ila hilo husahihishwa kwa kipimajoto kidogo ndani ya kifaa.

Rada haijali gesi wala mvuke, maana mawimbi yake huenda kwa kasi ya mwanga, na maji yaliyomo kwenye mvinyo huyaakisi vizuri. Mwanga wa leza nao hufanya kazi mpaka ukungu utakapotanda kwenye lenzi.

Njia ya kubandika kihisi nje hutegemea umeme: maji huhifadhi chaji kuliko hewa, kwa kipimo cha takribani 80 dhidi ya 1, kwa hiyo kihisi hutambua kama nyuma ya ukuta kuna mvinyo au hewa. Kwenye chombo cha glasi au plastiki ni njia safi sana. Kwenye pipa, mbao zimenyonya mvinyo kwa ndani na hubaki na unyevu hata baada ya uso kushuka, hivyo kihisi huendelea kuona majimaji ambayo hayapo tena. Binafsi sioni kwa nini inanadiwa sana kwa mapipa ya mbao.

Iko pia mizani, ambayo wengi huisahau kwa kuwa haina maringo. Pipa tupu la lita 225 huwa na kilo 45 hadi 60, na mvinyo wake takribani kilo 223; weka pipa juu ya vihisi vya uzito na ufuatilie. Ila mizani inajibu swali jingine. Pipa jipya hunywa lita kadhaa kwenye mbao zake: uso unashuka, uzito haubadiliki hata kidogo. Kinyume chake, joto likipanda nyuzi tano, mvinyo wa pipa zima huvimba kwa kadiri ya robo lita, uso unapanda, na mizani haijui. Ndiyo sababu usomaji mmoja wa kina una thamani ndogo. Mwelekeo wa wiki kadhaa, ukiwa na joto lililoandikwa pembeni yake, ndio unaoweza kuaminiwa.

Si lazima kila pipa lipewe kifaa. Mapipa ya safu ya juu, kwenye hewa yenye joto zaidi, na yale ya karibu na mlango hukauka kabla ya mengine, kwa hiyo machache yaliyochaguliwa kwa akili hutangaza zamu ya kujazia ghala lote. Wapo pia wanaolizungusha pipa hadi kizibo kielekee ubavuni na kuzama ndani ya mvinyo, ili hewa isipite kabisa pembeni yake. Hapo kihisi cha kwenye kizibo hakina cha kupima, na inabaki mizani.