Kwa nini CR-V mpya yenye injini ndogo huiacha ya zamani Mlima Kitonga?

Desemba iliyopita tulitoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa magari mawili, yote Honda CR-V. Baba mdogo aliendesha yake ya toleo la nne, injini cc 2,400. Shemeji aliendesha ya toleo la tano, ambayo yeye na dada waliiagiza Japani, na injini yake ni cc 1,500 tu. Tangu Kibaha baba mdogo alikuwa akimpigia simu kumchokoza: "Mkwe, hiyo injini ya bajaji itatufikisha kweli?"

Mpaka Mikumi hapakuwa na tofauti yoyote. Tulisimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, jua likiwa kali, kisha tukaanza kupanda Kitonga. Nilikuwa nimekaa mbele na baba mdogo. Alikanyaga mafuta, giaboksi ikashuka gia, mshale wa mizunguko ukapanda hadi 5,000, injini ikalia kama inalalamika, na bado mwendo ulikuwa unapungua kidogo kidogo. Shemeji alikuwa mbele yetu. Lori moja lilimpisha, akapita, na baada ya kona mbili hatukumwona tena. Tulimkuta Ilula, amekaa kivulini karibu na wauza nyanya, chupa ya maji aliyokuwa anakunywa iko nusu.

"Nilikuwa nimekanyaga mpaka chini," baba mdogo aliniambia huku akifunga mlango. "Mpaka chini kabisa. Sasa ile cc 1,500 imepitaje?"

Ni swali zuri, kwa sababu ukisoma makaratasi ya kiwandani magari hayo mawili yana nguvu sawasawa. CR-V ya toleo la nne yenye injini ya cc 2,400, kama ilivyouzwa Japani, imeandikwa nguvu za farasi 190. Ya toleo la tano yenye cc 1,500 nayo imeandikwa 190. Kama ni nguvu tu, walipaswa kufika Ilula pamoja.

Jibu liko kwenye hewa.

Injini ya petroli hailishwi petroli peke yake. Ili kilo moja ya petroli iungue vizuri inahitaji karibu kilo 15 za hewa. Kwa hiyo kazi kubwa ya injini, kabla ya kuchoma chochote, ni kuvuta hewa. Ile cc 2,400 maana yake ni nafasi iliyomo ndani ya silinda zake nne: kila injini inapozunguka mara mbili, inavuta hewa ya lita 2.4. Hicho ni kibaba chake, na hakiongezeki.

Ila lita 2.4 za hewa ya Dar si sawa na lita 2.4 za hewa ya Mbeya. Pwani, hewa inayojaa boksi la mita moja kila upande ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Mbeya mjini, ambako ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, boksi hilohilo linabeba kilo moja na kidogo. Kibaba ni kilekile, lakini unga uliomo ni mchache. Kompyuta ya gari inalitambua hilo na kupunguza petroli ili mchanganyiko usiharibike, na petroli ikipungua, nguvu inapungua. (Magari ya kabureta ya enzi hizo hayakuwa na akili hiyo. Yaliendelea kumwaga petroli ileile, ndiyo maana yalikuwa yakitoa moshi mweusi yakifika milimani.)

Mafundi wana kanuni rahisi: kila ukipanda mita 1,000, injini inayovuta hewa yenyewe inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake. Kwa Mbeya ni asilimia 15 na ushee. Ukipandisha gari kutoka Chimala kwenda Matamba kwa ile barabara ya Hamsini na Saba, iliyopewa jina kwa idadi ya kona zake, na kuendelea hadi uwanda wa Kitulo kwenye mita 2,600, umeacha karibu robo ya injini yako njiani. Gari la baba mdogo lenye farasi 190 pale Dar, kwa Mbeya ni gari la farasi 160 hivi. Na hilo ni gari zima, lenye plagi nzuri na chujio safi. Siyo ubovu.

Injini ya shemeji haivuti hewa yenyewe. Ina turbo. Moshi unaotoka kwenye silinda, ambao bado una joto na kasi, unapitishwa kwenye gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili na jingine lililoko upande wa kuingizia hewa. Moshi unazungusha la kwanza, la pili linashindilia hewa ndani ya injini, na mizunguko yake inavuka 100,000 kwa dakika. Hewa ikishindiliwa inapata joto na kutanuka tena, kwa hiyo hupozwa kwanza kwenye kitu kinachofanana na rejeta ndogo ndipo iingie kwenye silinda.

Hapa ndipo mlima unapotofautisha magari. Kompyuta inapima shinikizo la hewa inayoingia. Pwani, turbo ikifikisha kiwango kinachotakiwa, mlango mdogo unafunguka na sehemu ya moshi inapita pembeni, ili turbo isizidishe. Milimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo mlango huo unabaki umefungwa zaidi, turbo inazunguka kwa kasi kubwa zaidi, na hewa inayofika kwenye silinda inakaribia kuwa nzito kama ile ya Dar. Injini yenyewe haijui kwamba iko Iringa. Turbo nayo ina mwisho wake, na Kitulo utaona imepungukiwa kidogo, lakini hasara yake ni ndogo ukilinganisha na ya injini isiyo na turbo.

Kuna jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo baba mdogo alilolisikia masikioni kabla ya kuliona barabarani. Zile farasi 190 za gari lake zinapatikana injini ikifika mizunguko 7,000. Nani anaendesha gari la familia, lenye watoto na magunia, kwa mizunguko 7,000? Kinachopandisha mlima ni nguvu ya kuzungusha magurudumu, inayopimwa kwa nyutonimita. Gari la zamani lina 222, nazo zinakamilika kwenye mizunguko 4,400. Jipya lina 240, na unazipata zote kuanzia mizunguko 2,000 hadi 5,000. Kwenye karatasi tofauti ni 18 tu. Sasa toa ile asilimia 15 na ushee kwa la zamani: Mbeya linabaki na 185 hivi, wakati la turbo liko palepale karibu na 240. Tofauti ya 18 imekuwa zaidi ya 50. Ndiyo maana baba mdogo alilazimika kuilazimisha injini ikimbie 5,000 ilhali shemeji alipanda akiwa kwenye 2,500, redio ikisikika.

Mahuluti, yaani magari yenye injini ya petroli na mota ya umeme, yana njia yake: mota haihitaji hewa, kwa hiyo mwinuko hauigusi. Kwenye mlima mrefu, hata hivyo, betri huisha na mzigo unarudi kwa petroli.

Basi mtu wa Mbeya au Njombe akiniuliza anunue lipi, siwezi kumwambia tu jipya ndilo bora. Nimeishi na haya magari ya zamani, najua thamani yake. Injini ya cc 2,400 ya Honda inatumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, haina turbo ya kupikika, giaboksi yake ni ya gia tano za kawaida, na fundi wa Mwanjelwa ataifungua akiwa anapiga stori. Ya turbo inadai oili sahihi kwa wakati, kwa sababu oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha mhimili unaozunguka mara laki moja kwa dakika. Anayezoea kubadilisha oili pale anapopata hela asiinunue.

Na kwa watu wa sehemu za baridi kuna jambo mahususi. Injini hii ya cc 1,500 hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Injini ikiwa ya baridi na safari ni fupi, sehemu ya petroli haiungui. Inateremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Mwaka 2018 tatizo hilo lilifanya CR-V za aina hii ziitwe kurekebishwa nchini China, ambako lilijitokeza zaidi kwenye majimbo yenye baridi kali. Makete mwezi wa Juni si China ya kaskazini, lakini mtu anayewasha gari alfajiri kupeleka watoto shule iliyo kilomita mbili na kulizima, kila siku, anaiweka injini yake kwenye hali hiyo. Vuta stiki ya oili mara moja kwa wiki. Kama kiwango kinapanda badala ya kushuka, na ukinusa unasikia petroli, badilisha oili bila kusubiri kilomita zitimie. Na mara moja kwa wiki lipeleke gari mbali, Uyole hadi Igawa kwa mfano, injini ipate moto kisawasawa na petroli iliyojificha kwenye oili igeuke mvuke na kutoka.

Mwinuko pia unagusa maji ya rejeta, na hapa magari yote mawili yako sawa. Mama yeyote wa Makete anajua maharage yanachelewa kuiva kuliko Dar. Sababu ni kwamba Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100, na Kitulo hata chini ya hapo. Rejeta inajilinda kwa mfuniko wake, ambao unabana shinikizo ndani ili maji yasichemke mapema. Mfuniko ukilegea, Dar unaweza usijue kwa miaka. Kitonga utajua siku ya kwanza. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo, na kwenye gari lililotumika ningeubadilisha kabla ya kubadilisha tairi.

Nilimweleza baba mdogo yote haya tukiwa bado Ilula, yeye akinisikiliza huku akichagua nyanya. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo siyo gari bovu." Nikamwambia siyo bovu hata kidogo. Aliridhika, na mpaka Uyole hakumpigia tena mkwe wake simu ya kumchokoza.

Ila wakati wa kurudi, Januari, mambo yaligeuka. Tulishuka Kitonga asubuhi, baba mdogo mbele, amebana gia ya pili, na sikuona akigusa breki zaidi ya mara nne au tano. Chini, Ruaha Mbuyuni, tulimsubiri shemeji. Alipofika tulinusa kabla hajazima injini: harufu kali ya breki zilizoungua. Nilisogeza kiganja karibu na rimu ya mbele, bila kuigusa, na joto lilikuwa la jiko.

Kibaba kilekile kilichomwangusha baba mdogo wakati wa kupanda ndicho kilichomwokoa wakati wa kushuka. Ukiachia mafuta mteremkoni, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, nayo inalazimika kuvuta hewa kupitia mlango wa kuingizia hewa, ambao umefungwa kwa sababu hukanyagi mafuta. Kazi hiyo ngumu ndiyo inayolishika gari. Silinda zikiwa kubwa, mshiko unakuwa mkubwa. Injini ya cc 1,500 inashika kidogo, na turbo haisaidii chochote hapo kwa sababu hakuna moshi wa kuisukuma. Giaboksi isiyo na gia za hatua, kama ya shemeji, ikiachwa kwenye D hupenda kushusha mizunguko ili kuokoa mafuta, kwa hiyo gari linateremka lenyewe na mzigo wote unabebwa na breki.

"Hii L umewahi kuitumia?" nilimuuliza, nikimwonyesha kwenye gia ile herufi ya kushikilia mizunguko juu.

"Nilidhani ni ya kwenye tope."

Tulikaa pale zaidi ya nusu saa hadi rimu zikapoa. Pasaka walikwenda tena Mbeya, na waliporudi dada alinipigia simu wakiwa wanashuka. Nilisikia injini nyuma ya sauti yake, ikivuma kwa juu. "Ameiweka L tangu kileleni," alisema. "Iko elfu nne, nilimwambia ataiua injini, anasema wewe ndiye uliyemwambia." Nikamwambia mizunguko 4,000 haiui injini hiyo, amwache ateremke hivyohivyo mpaka Mbuyuni.