Nano kwenye kizimba cha sato: yanayosemwa na yalivyo

Alfajiri moja huku Luchelele, kando ya Ziwa Viktoria tunakofuga sato ndani ya vizimba vya nyavu, nilioneshwa kichupa cha maji ya manjano, kama chai ya rangi iliyopauka. "Hii ni nano ya fedha. Mwaga kizimbani, magonjwa yote kwisha," muuzaji akasema. Pembeni, sato wa jirani yangu walikuwa wamepanda juu, midomo nje, wanahema.

Madai ninayoyasikia ni mengi. La kwanza: "Nano ya fedha inatibu kila kitu." Fedha hii ya kutengenezea pete, ikifanywa chembe za nano, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, inaua bakteria kweli. Tatizo haichagui. Inaua hata wale wanaotusaidia kugeuza amonia, uchafu wenye sumu unaotoka kwa samaki, kuwa naitreti isiyo kali, na ikizidi inaunguza mashavu anayohemea samaki mwenyewe. Isitoshe, kizimba si beseni. Ukimwaga dawa leo, mkondo unaipeleka kwa jirani na kwa anayechota maji ya kunywa.

Halafu wale sato hawakuwa na ugonjwa, walikosa hewa. Usiku mwani hautoi oksijeni, nao unaivuta, ndiyo maana alfajiri ndipo mambo huharibika. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji yake yakishiba kabisa hubeba oksijeni kama miligramu 7 tu kwa lita. Ikishuka chini ya 3, sato anaanza kuteseka.

"Basi tuweke viputo vya nano." Hapa kuna ukweli nusu. Kiputo cha pampu ya kawaida hupanda na kupasuka. Cha nano hakionekani kwa macho, hakipandi, kinaweza kukaa majini siku kadhaa kikiachia oksijeni. Ila kizimbani mkondo unavizoa vyote, na mashine inakula umeme. Mahali pake ni kwenye matenki ya vifaranga.

"Nano ni vimashine." Hapana, ni kipimo tu: chembe za nanomita 1 hadi 100. Unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi. Muhogo mzima ukiutia majini, maji yanagusa nje tu. Ukiusaga, maji yanaufikia kila upande. Nguvu ya nano iko hapo.

"Samaki aliyekula nano ni sumu." Inategemea kala nini, kiasi gani. Samaki anahitaji seleniamu, aina ya madini, kidogo sana, na ikiwa ya nano hufyonzwa vizuri, kwa hiyo kidogo inatosha. Ikizidi ni sumu, nano au si nano. Nyingine ninayoipenda ni kitosani, inayotokana na maganda ya kamba wa baharini: hufungia vitamini C, ambayo kwa kawaida huyeyukia majini kabla chakula hakijamezwa.

Nilimuuliza muuzaji chembe zake zina ukubwa gani, na ni miligramu ngapi kwa lita. "Kifuniko kimoja kwa kizimba," akajibu.

Jirani hakununua. Alivuta wavu wake juu, tukaona mwani umeota hadi matundu yamezibika, maji hayapiti. Tulishinda tunausugua kwa brashi.