Stempu za magari: si kila yenye jina la nchi imetoka posta

Tafuta stempu za magari kwenye minada ya mtandaoni, na hutakosa Ferrari yenye jina la Chad, Benin, Malawi, Rwanda, Burundi au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zinapendeza na bei yake ni poa. Nyingi hazijawahi kupita kwenye dirisha la posta yoyote.

Dhana: Imeandikwa jina la nchi na thamani, basi ni ya nchi hiyo.
Stempu hupata uhalali kwa idhini ya mamlaka ya posta. Mwenye mashine nzuri ya uchapaji anaweza kuandika "Rwanda" juu ya Porsche bila Kigali kuwa na habari. Posta iliyoibiwa jina ikigundua, hutoa taarifa kwa Umoja wa Posta Duniani, UPU, wenye makao Bern, Uswisi, nao husambaza waraka kwa nchi wanachama. Mfano wa Somalia unakera zaidi. Posta yake ilisambaratika mwaka 1991, lakini stempu zenye jina lake zikaendelea kumiminika sokoni. Barua za kubandika hizo stempu zilikuwa wapi?

Dhana: Haramu na bandia ni mamoja.
Bandia huiga stempu iliyopo. Haramu imechapwa bila idhini ya posta, haina mama wala baba, kwa hiyo usihangaike kutafuta "halisi" yake ya kulinganisha.

Dhana: Ina muhuri, kwa hiyo ilisafirisha barua.
Igeuze. Kama gundi iko nzima, haikuwahi kubandikwa. Muhuri umegongwa au kuchapwa kwa ajili ya mnunuzi. Ila tahadhari: hata posta halali hufanya hivyo kwa stempu za wakusanyaji. Muhuri peke yake hauthibitishi uhalali wala uharamu.

Dhana: Haipo kwenye WNS, orodha ya kimataifa ya stempu zilizotolewa na posta halali, basi ni haramu.
Orodha hiyo, inayoendeshwa na UPU na wenzake, huanzia stempu za 2002, na si kila nchi hupeleka zake. Kuwamo ni ushahidi mzuri. Kukosekana ni sababu ya kuchunguza zaidi.

Dhana: Gari la kifahari la Ulaya kwenye stempu ya Afrika ni utapeli tu.
Tanzania ilitoa stempu za Rolls-Royce mwaka 1986, halali kabisa. Zililenga mifuko ya wakusanyaji wa ng'ambo kuliko barua za Dodoma, lakini hiyo ni biashara ya posta yenyewe.

Dhana: Picha ya gari ikipinduka, yaani ikichapwa kichwa chini, ni kosa la mtambo.
Si lazima. Mwaka 1901 Marekani ilitoa stempu za maonyesho ya mjini Buffalo. Picha kwenye baadhi ya zile za senti 1 na senti 2 zilipinduka kwa bahati mbaya kweli. Ya senti 4, yenye gari la umeme, ilipinduliwa kwa makusudi baada ya uvumi kwamba nayo imepinduka, na haikuuzwa dirishani. Leo wakusanyaji huigombania kwa fedha nyingi.