Mke wa dukani na NSSF: yanayosemwa na yaliyo kweli

Chukua duka lolote la familia pale Kariakoo lenye wafanyakazi wachache, kisha uliza ni nani kasajiliwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii unaolipa pensheni. Utatajiwa kijana wa stoo, binti wa kaunta, pengine na dereva wa kirikuu. Mama mwenye funguo, anayefunga hesabu za jioni na kubishana bei na wauzaji wa jumla, hayumo. Kwa kawaida hakuna aliyekusudia kumnyima. Yapo tu mambo yanayoaminika mtaani, na mengi yake hayana msingi. Nitasema "mke" kwa kuwa ndiyo hali iliyozoeleka, ila mume anayeshinda kwenye saluni ya mkewe Sinza naye yumo humu humu.

"Mke si mfanyakazi, ni mwenye mali"

Anaweza kuwa vyote viwili. Pakiwa na kazi anayoifanya, mshahara anaolipwa na mwajiri anayemlipa, cheti cha ndoa hakifuti ajira hiyo.

Swali la kuanzia ni mwajiri ni nani. Kama biashara ni kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kampuni ni mtu anayejitegemea mbele ya sheria. Inaweza kuwaajiri mume na mke wote wawili, hata kama hisa zote ni zao. Kama ni jina la biashara tu, mwenye jina hawezi kujiajiri mwenyewe, lakini mwenzake anaweza kumwajiri. Na kama wameandikishwa kuwa wabia, hapo hakuna mwajiri wala mwajiriwa. Wanagawana faida, na mlango wao wa kuingilia NSSF ni ule wa waliojiajiri.

Ajira lazima ionekane. Mkataba wa maandishi unaotaja kazi na mshahara, malipo yanayoingia benki au kwenye simu yake kila mwezi, karatasi ya mshahara inayoonyesha makato. "Anachukua anachohitaji kwenye droo" huo si mshahara, hata kama anachochukua ni kingi. Kumwandikia mkeo barua ya ajira kunachekesha kidogo, najua. Iandike hivyo hivyo.

"Kampuni imwekee michango tu, mshahara si lazima"

Hili naona linatoka kwa ndugu zetu walioko Uingereza. Kule, kampuni ndogo ya familia inaweza kuchangia moja kwa moja kwenye mfuko wa pensheni wa mwenza aliyeajiriwa humo, na mchango wa mwajiri haufungwi na udogo wa mshahara wake. Kuna kiwango cha mwaka cha nafuu ya kodi, pauni 60,000 kwa watu wengi tangu Aprili 2023, na mamlaka ya kodi inaweza kuhoji kama malipo hayo kweli ni kwa ajili ya biashara. Ni ushauri mzuri kwa mtu wa Leicester.

Kwetu mchango unaning'inia kwenye mshahara. Ni asilimia 20 ya mshahara ghafi, na mgawanyo uliozoeleka ni 10 za mwajiri na 10 za mfanyakazi. Bila mshahara hakuna cha kupiga asilimia. Gawio la hisa nalo halisaidii: linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na haliongezi hata mwezi mmoja kwenye rekodi yake ya NSSF.

"Hatujafikisha wafanyakazi kumi"

Kumi ni idadi ya tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL. NSSF inaanza na mfanyakazi wa kwanza.

"Ukimlipa mke mshahara, kodi inashuka"

Inategemea unalipa kodi ya aina gani, na hapa ndipo washauri wa vijiweni wanapopotosha watu.

Tuchukue kampuni ya vifaa vya ujenzi Tegeta, inayoandaa hesabu na kuwasilisha ritani kila mwaka. Mke ndiye mtunza stoo, mshahara wake shilingi 400,000 kwa mwezi. Anakatwa 40,000 ya NSSF. Kodi ya mshahara inapigwa kwenye 360,000 inayobaki, na kwa kuwa 270,000 za kwanza hazitozwi, ni asilimia 8 ya 90,000, yaani 7,200. Mkononi anapata 352,800. Kampuni inaongeza 40,000 yake ya NSSF na 2,000 ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ambayo ni nusu asilimia. Jumla gharama ni 442,000 kwa mwezi. Kiasi hicho kinatolewa kwenye mapato kabla ya kukokotoa faida, na kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, kampuni yenye faida inaokoa 132,600 kila mwezi. Hapo maneno ya kijiweni ni kweli.

Sasa mchukue mwenye duka binafsi anayelipa kodi ya makadirio. Kodi yake inatokana na mauzo. Hata amlipe mke milioni, mauzo ni yale yale na kodi ni ile ile. Faida ya kumsajili bado ipo, lakini ni ya uzeeni, asiitafute TRA kwa watoza kodi.

Na msipandishe mshahara ili kukwepa kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu matumizi yaliyofanyika kikamilifu na kwa ajili ya kuzalisha mapato pekee, na malipo kati ya ndugu yanapimwa kwa bei ambayo watu baki wangekubaliana. Ukimlipa mke milioni tatu kwa kusimamia stoo, jiulize ungemlipa jirani kiasi gani kwa kazi hiyo hiyo.

"Pensheni ya mzee itatutosha wote"

Mafao ya warithi yapo, lakini hayo hutoka mwanachama anapofariki. Hayana msaada kwa mke aliyeachika, na ndoa za Dar tunazijua. Mahakama ya Rufani ilishakubali mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, na hilo limewasaidia wanawake wengi. Ila ni haki ya kudaiwa mahakamani, pamoja na kesi na mawakili wake. Michango iliyoingia kwa jina lake ni yake akiwa ndani ya ndoa au nje.

Kuna fao jingine ambalo wenye maduka huwa hawaliwazii kabisa, la uzazi. Mwanachama anatakiwa awe amechangia miezi 36, na kati ya hiyo 12 iwe ndani ya miaka mitatu kabla ya kujifungua. Mke wa miaka 27 anayeshinda kaunta ana sababu ya kusajiliwa hata kama uzee anauona uko mbali.

"Ataanza baadaye, biashara ikitulia"

Biashara gani ya Kariakoo imewahi kutulia? Pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Mke anayeanza kuchangiwa akiwa na 45 na asiruke hata mwezi anafikisha 180 pale pale kwenye 60. Akianza na 48 hafiki. Atalipwa mkupuo mmoja, na pensheni ya kila mwezi hataipata. Kwenye kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, kilichoanza Julai 2022, kila mwezi uliochangiwa una thamani ya 1/580 ya wastani wa mshahara, kwa hiyo hata aliyevuka 180 bado anaongeza.

Mwezi haulipiwi mapema wala haubuniwi baadaye. Kama alikuwa mwajiriwa kweli na michango haikupelekwa, hilo ni deni la mwajiri na lina adhabu juu yake. Kama hakuwahi kuajiriwa, miaka hiyo haipo. Kwa aliyevuka 45, kabla ya kuandika mkataba wowote, aende na kitambulisho cha NIDA ofisi ya NSSF aulize kama ana michango ya zamani. Wapo waliowahi kufanya kazi kiwandani Ubungo au hotelini kabla ya kuolewa, na ile miezi 40 au 50 ya wakati huo inahesabika.