Picha Yenyewe ni Ipi? Uhariri na Urudufishaji katika Sanaa ya Upigaji Picha

Swali ambalo sisi tunaotunza makusanyo ya picha huulizwa mara nyingi kuliko mengine ni hili: "Hii ndiyo picha yenyewe, au ni nakala?" Linalolifuata kwa karibu ni: "Imehaririwa?" Anayeuliza huwa amesimama mbele ya picha iliyomgusa, na ukimsikiliza vizuri utaona kwamba maswali yote mawili yamebeba hofu moja, yaani hofu ya kudanganywa. Hofu hiyo ina haki yake. Hata hivyo, imesimama juu ya dhana kwamba picha huzaliwa ikiwa kamili pale kidole kinapobonyeza kitufe, na kwamba kila kinachofanyika baadaye ni uchakachuaji. Dhana hiyo haikuwa kweli hata katika miaka ya mwanzo ya sanaa hii.

Mwaka 1839 ndio upigaji picha ulipotangazwa kwa ulimwengu. Nchini Ufaransa, Louis Daguerre alionyesha namna ya kunasa taswira kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha na kung'arishwa mpaka likawa kama kioo. Picha yake ilionyesha mambo madogo madogo kwa ukali wa ajabu, lakini ilikuwa moja tu: bamba lililoingia ndani ya kamera ndilo lililotoka likiwa picha, na aliyetaka ya pili alilazimika kukaa tena mbele ya kamera, au bamba lenyewe lipigwe picha. Wakati huohuo nchini Uingereza, William Henry Fox Talbot alikuwa akifanya majaribio na karatasi zilizotiwa chumvi za fedha. Kilichotoka kwenye kamera yake kilikuwa negativu, taswira iliyogeuka, ambamo penye mwanga pamekuwa giza na penye giza pamekuwa peupe. Negativu hiyo ilipolazwa juu ya karatasi nyingine na kupigwa mwanga, taswira ilirudi katika hali yake, na kazi hiyo iliweza kurudiwa mara nyingi. Picha za Talbot zilikuwa na ukungu kidogo kwa sababu nyuzi za karatasi zilijichapa pamoja na taswira, lakini kwa zaidi ya karne moja iliyofuata upigaji picha ulijengwa juu ya wazo lake.

Kwa bamba la Daguerre, swali la mgeni wetu lina jibu la neno moja. Kwa karatasi ya Talbot halina. Negativu ndiyo iliyokuwa ndani ya kamera wakati wa tukio, lakini hakuna anayeitundika ukutani. Chapa, yaani picha iliyotolewa kwenye karatasi, ndiyo tunayoitazama, lakini inaweza kuwa moja kati ya mamia, na kila moja ikatofautiana na dada yake. Kati ya hivyo viwili ipo kazi ya mikono, na sehemu kubwa ya usanii hufanyika hapo.

Chukua tatizo la anga. Kemikali za karne ya 19 zilipokea rangi ya buluu kwa wepesi kuliko rangi nyingine, hivyo anga lilijaa mwanga na kutoka jeupe tupu wakati bahari au nchi kavu ikiwa bado gizani. Mfaransa Gustave Le Gray, katika baadhi ya picha zake za bahari za mwaka 1856 na 1857, alitumia negativu mbili kwa picha moja, ya mawingu na ya maji, akaziunganisha kwenye mstari wa upeo wa macho. Anga moja liliweza kutumika juu ya bahari zaidi ya moja. Mwaka 1857 Oscar Rejlander alikwenda mbali zaidi: aliunganisha negativu zaidi ya 30 ili kupata picha moja kubwa yenye kundi la watu waliogawanyika kati ya maisha ya starehe na maisha ya bidii. Malkia Victoria alinunua chapa yake, ingawa wapo watazamaji waliochukizwa na miili isiyo na nguo iliyomo. Kwa hiyo mtu anayedhani kwamba kuunganisha picha kulianza na kompyuta amechelewa kwa takriban miaka 130.

Uhariri wa kawaida haukuwa wa kuunganisha, bali wa kugawa mwanga. Katika chumba cha giza, mpiga picha huangaza negativu kwa mashine ya kukuzia, na taswira huangukia karatasi yenye kemikali kwa sekunde kadhaa. Akikinga sehemu fulani kwa kiganja au kwa kipande cha kadi kilichofungwa kwenye waya, sehemu hiyo hupata mwanga kidogo na kutoka nyeupe zaidi. Akiiongezea mwanga peke yake, hutoka nyeusi zaidi. Programu ya Photoshop, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1990, imehifadhi kazi hizo mbili pamoja na alama zake: mkono uliokunjwa na kijiti chenye kichwa cha duara. Vijana wengi wanaobonyeza alama hizo hawajui kwamba wanashika vifaa vya babu zao.

Mfano ninaoupenda ni picha aliyoipiga Mmarekani Ansel Adams mwaka 1941 huko Hernandez, jimbo la New Mexico: mwezi umechomoza juu ya kijiji kidogo na misalaba ya makaburini inang'aa kwa mwanga wa mwisho wa jua. Kwa simulizi yake mwenyewe, hakuiona mita yake ya mwanga pale alipoihitaji, akakadiria kutokana na mwangaza wa mwezi aliokuwa akiujua, akapiga mara moja, na kabla hajapiga ya pili jua lilikuwa limekwisha iacha misalaba. Negativu ilikuwa ngumu kuchapwa. Mwaka 1948 aliitia dawa sehemu yake ya chini ili kuiongezea nguvu, na kwa miongo kadhaa aliendelea kuichapa upya. Chapa za awali zina anga la kijivu lenye mawingu hafifu. Za baadaye zina anga karibu jeusi kabisa. Adams, ambaye alijifunza piano kabla ya kuishika kamera kama kazi, alifananisha negativu na nota zilizoandikwa na mtunzi, na chapa na upigaji wa wimbo wenyewe. Hapo ndipo swali la "picha yenyewe" linapokwama, maana chapa zote ni zake na zote ni za kweli, lakini hazilingani.

Kamera za dijiti hazikuliondoa jambo hili, zimelificha tu. Watu husema, kwa fahari kidogo, kwamba picha yao "haijahaririwa", wakimaanisha kwamba imetoka hivyohivyo kwenye simu. Ndani ya kamera nyingi, kila kidoa cha kihisio, yaani sehemu inayopokea mwanga, hupima mwanga kupitia kichujio cha rangi moja tu: nusu ya vidoa hupokea kijani, robo nyekundu, na robo buluu. Thuluthi mbili za taarifa za rangi katika picha kamili hupatikana kwa hesabu, kwa kulinganisha kila kidoa na jirani zake. Kisha mashine huamua weupe uwe weupe gani, vivuli vifunguliwe kiasi gani, ngozi ilainishwe au isilainishwe. Na simu nyingi za sasa huchanganya fremu kadhaa zilizopigwa mfululizo ili kupata moja. Picha "isiyohaririwa" ni picha iliyohaririwa na wahandisi ambao hawakuwapo. Binafsi naona mpiga picha anayeufanya uamuzi huo mwenyewe, akijua anachokifanya, anastahili kuaminiwa zaidi kuliko yule anayeiachia mashine na kuita matokeo yake ukweli.

Je, ina maana kwamba kila uhariri unaruhusiwa? Hapana, ila kipimo si kiasi cha uhariri. Kipimo ni ahadi ambayo picha imempa mtazamaji. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza, nchini Misri, zikaribiane katika jalada lake ili picha ya mlalo itoshee kwenye ukurasa wa wima. Ni mabadiliko madogo sana ukiyatazama kwa jicho la fundi, lakini lawama zilizofuata zilikuwa kubwa, kwa sababu jarida lile liliahidi kuuonyesha ulimwengu ulivyo. Mwaka 1999 Mjerumani Andreas Gursky aliondoa kwa kompyuta majengo na mambo mengine yasiyotakiwa kutoka kwenye picha ya mto Rhine, akabakiza mistari ya nyasi, maji na anga. Hakuificha kazi hiyo, na hakuiwasilisha kama habari. Mwaka 2011 chapa moja ya picha hiyo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4 za Marekani. Kitendo ni kilekile, hukumu ni mbili, na sioni undumilakuwili katika hilo.

Katika uandishi wa habari, desturi inayokubalika kwa upana ni kwamba mtu anaweza kukata kingo, kurekebisha mwangaza na kusawazisha rangi, lakini hawezi kuongeza wala kuondoa kitu kilichokuwapo. Mstari huo hauko wazi siku zote, maana kivuli kikitiwa weusi wa kutosha humfuta mtu mzima bila kuguswa kwa brashi. Katika shindano la kimataifa la picha za habari la World Press Photo la mwaka 2015, takriban asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho ziliondolewa kwa sababu ya uhariri uliopita kiasi. Nyingi katika hizo hazikuwa na haja ya kuhaririwa hivyo. Kilichofutwa kilikuwa vitu vidogo ambavyo havikumkera mtu isipokuwa mpiga picha.

Turejee kwenye nakala. Mwanafalsafa Walter Benjamin aliandika katika miaka ya 1930 kwamba kuuliza ni chapa ipi iliyo halisi hakuna maana, kwa kuwa negativu moja hutoa chapa nyingi. Soko la sanaa halikumsikiliza. Wakusanyaji hutofautisha chapa iliyotolewa na msanii karibu na wakati alipopiga picha, chapa aliyoitoa miaka mingi baadaye, na ile iliyotolewa na wengine baada ya kifo chake. Na siku hizi wasanii hujiwekea kikomo cha idadi, wakaandika kwa mfano 3/10 kuonyesha kwamba ni ya tatu kati ya kumi. Kikomo hicho ni cha kibiashara, negativu wala faili haichoki, lakini ni ahadi pia, na kuivunja ni kumdhulumu aliyenunua.

Kazi za mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali, zinaonyesha jinsi urudufishaji unavyoweza kubadili sanaa yenyewe. Wateja wake wa miaka ya 1940 na 1950 walichukua chapa ndogo, nyingi zikiwa na ukubwa wa sentimita 13 kwa 18 sawasawa na negativu, kitu cha kushikwa mkononi na kupewa ndugu. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York bila jina la mpigaji. Baada ya jina lake kujulikana, negativu zilichapwa upya kwa ukubwa wa kutundikwa ukutani, zikiwa na weusi mzito na weupe mkali. Picha hizo kubwa zinapendeza, na Keïta mwenyewe alizifurahia. Lakini si vitu vilevile, na kibao cha maelezo kisichosema hivyo kinamnyima mtazamaji nusu ya habari.

Ndiyo maana tunawashauri wageni wasome tarehe mbili kwenye kibao: ya kupigwa kwa picha na ya kuchapwa kwake. Ikiwa ipo moja tu, ulizeni.

Kuhusu haki, kosa linalojirudia ni kudhani kwamba mwenye chapa ndiye mwenye haki ya kuirudufisha. Kununua chapa ni kununua karatasi. Hakimiliki kwa kawaida hubaki kwa mpiga picha au warithi wake. Haki hiyo haikukubaliwa kirahisi. Mwaka 1884 Mahakama Kuu ya Marekani ilipaswa kuamua kama picha ya mwandishi Oscar Wilde, iliyopigwa na Napoleon Sarony na kunakiliwa na kampuni ya uchapaji, ilikuwa kazi ya mtunzi au zao la mashine tu. Sarony alishinda kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyepanga mkao, mavazi, mwanga na kivuli. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ulibaki ukiruhusu picha zilindwe kwa muda mfupi kuliko kazi nyingine, angalau miaka 25 tangu kutengenezwa, mpaka mkataba wa mwaka 1996 wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani ulipoliondoa pengo hilo kwa nchi zilizoufuata.

Hoja ya Sarony imerudi kwa sura mpya. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen aliikataa tuzo aliyopewa katika shindano la kimataifa la picha, akaeleza kwamba taswira yake ilitengenezwa kwa akili mnemba. Kwa maoni yangu alitenda vyema. Taswira kama hiyo inaweza kuwa sanaa, lakini hakuna mwanga uliogusa kitu na kurudi kwenye kamera, na anayeiita picha ya kamera anatoa ahadi asiyoweza kuitimiza.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaozihamishia picha za zamani kwenye kompyuta, kazi ambayo watu wengi wanaifanya wenyewe. Skani kwa ukubwa utakaohitaji baadaye: faili lenye pikseli 6,000 kwa 4,000 huchapika vizuri hadi upana wa takriban sentimita 50, na halitakua zaidi ya hapo bila kupoteza ukali. Lihifadhi faili hilo la kwanza kama lilivyo, pamoja na mikwaruzo na madoa yake, katika muundo wa TIFF usiopoteza taarifa, maana JPEG hupoteza kidogo kila unapoihariri na kuihifadhi upya. Kisha hariri nakala. Skani nyuma ya picha pia. Mara nyingi jina, tarehe au muhuri wa studio viko huko, na hakuna programu inayoweza kuvirudisha vikishatupwa.