Ngome ndani ya Upanga: makao makuu ya jeshi letu yalikotoka

Kila mwaka, bajeti ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa inaposomwa bungeni, hakosi mwanafunzi wa kuniuliza swali lile lile: "Mwalimu, Fungu 38 ni la nini?" Kitabu cha bajeti kinajibu kwa neno moja. Fungu 57 ni wizara yenyewe, Fungu 39 ni JKT, na Fungu 38 ni Ngome. Basi. Aliyekulia Unguja akilisikia neno hilo anaiona Ngome Kongwe pale Forodhani. Wa Mombasa anaiona Ngome ya Yesu inavyoitazama bahari. Ngome ya Fungu 38 haina buruji wala mizinga ya kale. Ni makao makuu ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na kwa upana wake ni jeshi lenyewe, ukishaziweka kando JKT na wizara.

Kwa miaka mingi Ngome hiyo ilikuwa Upanga, Dar es Salaam. Huwa nawatania wanafunzi kwamba kwa wenzetu upanga huwekwa ndani ya ngome. Sisi tuliiweka ngome ndani ya Upanga. Wakishacheka nawarudisha mwaka 1964. Nchi hii iliwahi kuwa na kambi, silaha na askari, lakini haikuwa na makao makuu ya jeshi yaliyo yake, na ukitaka kujua kazi ya Ngome ni nini, anza na siku zile ambazo haikuwapo.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 haikuunda jeshi. Ilirithi. Vikosi viwili vya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza ambalo wazee wetu waliliita Keya kwa kifupi, vilibadilishwa jina vikawa Tanganyika Rifles. Cha kwanza kilikuwa kambi ya Colito, kaskazini mwa Dar es Salaam, cha pili Kalewa, Tabora. Yatazame hayo majina. Colito ni mahali Ethiopia ambako Keya walipambana na Waitaliano Mei 1941, na Sajenti Nigel Leakey akatunukiwa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa kwa kurukia kifaru cha adui. Kalewa iko Burma, walikopigana na Wajapani. Yaani askari wa taifa huru alilala na kuamka chini ya kumbukumbu za vita vya mfalme wa Uingereza. Kamanda wake, Brigedia Patrick Sholto Douglas, alikuwa Mwingereza, na maofisa wa juu vilevile. Serikali ilikuwa ya Watanganyika, askari walikuwa Watanganyika, lakini kiungo cha katikati, pale ambapo uamuzi wa kisiasa hugeuka kuwa amri ya kijeshi, kilikuwa mikononi mwa watu wa kuazima.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 kiungo hicho kilikatika. Askari wa Colito waliwafungia maofisa wao, wakaingia mjini, wakashika redio na uwanja wa ndege, wakafika hadi Ikulu. Madai yalikuwa mawili: mishahara iongezwe, na maofisa Waingereza waondoke. Nyerere na Kawawa walifichwa. Oscar Kambona, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje na ulinzi, ndiye aliyekwenda kuongea na walioasi. Kesho yake Tabora nao wakaasi. Mjini kulitokea uporaji na watu waliuawa.

Sababu za mishahara na maofisa zinajulikana, na sizibishi. Ila nikiwa mtu niliyeyasoma maasi haya miaka mingi, kinachonishangaza zaidi ni jinsi yalivyokosa kizuizi. Kutoka Colito hadi Ikulu ni mwendo mfupi wa gari, na katikati hapakuwa na mkuu wa majeshi wa Kitanganyika ambaye askari wangemsikiliza, wala ofisi ya kupokea manung'uniko ya kambini na kuyafikisha juu kabla hayajageuka kuwa risasi. Polisi wa kutuliza ghasia nao walikuwa wamepelekwa Unguja baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari. Serikali ilibaki na waziri mmoja jasiri akijadiliana na wenye bunduki.

Mwisho wake unajulikana pia. Tarehe 25 Januari makomando wa Kiingereza wa kikosi cha 45 waliruka kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur iliyokuwa baharini karibu na Dar es Salaam, wakatua Colito, na maasi yakaisha haraka sana. Nyerere aliona aibu kuwaita Waingereza, na hakuificha. Februari aliita mkutano wa dharura wa mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) hapo hapo Dar es Salaam, na baadaye kikosi cha Nigeria kikaja kushika ulinzi wakati jeshi jipya likiundwa. Lile la zamani lilivunjwa. Nchi jirani hazikusalimika: siku hizo hizo askari waliasi Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya. Lakini ni Tanganyika peke yake iliyoamua kuanza upya kutoka chini.

Tarehe 1 Septemba 1964 ndiyo siku ya kuzaliwa kwa JWTZ. Kwa wakati huo Tanganyika na Zanzibar zilikuwa zimeungana tangu 26 Aprili, hivyo jeshi jipya lilikuwa la Muungano. Vijana waliingizwa kupitia Umoja wa Vijana wa TANU na JKT, ambayo ilikuwa imeanzishwa Julai 1963. Mkuu wa kwanza alikuwa Mrisho Sarakikya, aliyepata mafunzo Sandhurst, chuo cha kijeshi cha Uingereza, kijana wa miaka 30 hivi. Umri huo huwashtua wanafunzi. Alidumu hadi 1974, akampisha Abdallah Twalipo, kisha akaja David Musuguri mwaka 1980, na msururu umeendelea bila mmoja wao kupindua wala kujaribu kupindua. Ukiizunguka Afrika ya miaka ile ya 1960 na 1970 utaona kwamba hilo si jambo dogo.

Wengine husema siri ilikuwa chama: askari wa JWTZ alikuwa mwana TANU, baadaye CCM, na chama kilikuwa na matawi kambini. Kuna ukweli ndani yake. Lakini vyama vingi viliporudi mwaka 1992 matawi hayo yaliondolewa, leo ibara ya 147 ya Katiba inamkataza askari kujiunga na chama chochote cha siasa, na jeshi halikuyumba. Kwa hiyo mimi huelekeza kidole kwenye jambo lisilo na mvuto: uzi wa amri ulio wazi na unaojulikana na kila mtu. Rais ni Amiri Jeshi Mkuu kwa ibara ya 33, na ibara ya 148 inampa uwezo wa kuyaamuru majeshi. Chini yake yuko Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, ambaye magazeti yetu mara kwa mara humpachika cheo cha Amiri Jeshi kwa makosa. Wizara inashughulika na sera na fedha. Ngome inashughulika na amri.

Chini ya Mkuu wa Majeshi yuko Mnadhimu Mkuu, na hapa naomba nichepuke kidogo, kwa sababu neno hili nalipenda. Shina lake ndilo la nidhamu, na ndilo la kunadhimu, yaani kutunga shairi kwa vina na mizani. Mnadhimu si mpiganaji wa mstari wa mbele. Ni mtu anayehakikisha kila kitu kiko mahali pake na kwa wakati wake: askari wangapi wako wapi, chakula kinatoka ghala gani, nani anafundishwa nini, adui anafikiriwa kufanya nini. Makao makuu yote duniani, yawe Pentagon au Upanga, ni kazi ya unadhimu. Utumishi, usalama na utambuzi, utendaji wa kivita na mafunzo, ugavi: hizo ndizo mizani zake. Kutoka hapo amri huteremka kwenye kamandi za nchi kavu, anga na wanamaji, kisha brigedi, hadi kwenye vikosi ambavyo raia huvijua kwa namba tu na herufi KJ, yaani Kikosi cha Jeshi.

Mfano ulio hai ni vita ya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakautwaa ukanda wote wa kaskazini mwa mto Kagera, sehemu iliyokuwa na askari wachache mno. Watu hukumbuka hotuba ya Nyerere na maneno yake matatu, sababu, nia na uwezo. Sababu na nia zilikuwapo asubuhi ile ile. Uwezo ulibidi kutengenezwa, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya wanadhimu. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,000. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa, mgambo wakaitwa, na jeshi lililoanza likiwa dogo likavimba kupita askari 100,000. Kila mmoja wao alihitaji buti, risasi na sahani ya ugali. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Masimulizi ya vita hiyo yamejaa majina ya makamanda wa mbele, akiwamo Musuguri aliyeongoza Divisheni ya 20, na wanastahili. Karani wa ugavi hana wimbo.

Niseme pia juu ya kosa ambalo wakazi wa Dar es Salaam hulifanya kila siku: Lugalo si makao makuu ya jeshi. Ni kambi, yenye hospitali kuu ya jeshi, na ndiyo ile ile Colito ya 1964 iliyobadilishwa jina. Aliyechagua jina jipya alijua historia. Lugalo, karibu na Iringa, ndipo tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walipouvizia msafara wa Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Vita ya Keya ikafutwa getini, ikaandikwa vita ya Wahehe.

Kambi nyingi za Dar es Salaam zilijengwa nje ya mji, kisha mji ukazifuata. Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha yalilipuka na mabomu yakaangukia nyumba za watu. Ofisi za Upanga hazikuwa ghala la mabomu, lakini swali lilikuwa ni lile lile: jeshi linakaaje katikati ya mji usioacha kukua?

Jibu la makao makuu limekuwa Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia mji mkuu huko ni wa 1973, ukalala miaka mingi, ukaamshwa 2016. Serikali ilipohama, jeshi nalo lilitengewa eneo la Kikombo, nje kidogo ya jiji, kujenga Makao Makuu ya Ulinzi wa Taifa, na Rais Magufuli aliweka jiwe la msingi mwaka 2019. Wengi waliliona kama sehemu tu ya hamahama ya serikali. Mimi nilipoitazama ramani niliikumbuka meli ya Centaur. Mwaka 1964 meli moja ilisimama baharini, helikopta zikaruka dakika chache tu, na kambi kuu ya nchi ikawa mikononi mwa wageni. Safari hiyo walikuwa wageni walioalikwa. Kutoka ufukwe huo huo hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara.