Je, ustadh asiyepandisha sauti huwa anameza hasira?

Madrasa nyingi za pwani hukaa alasiri, watoto wakiwa wameshachoka na shule. Mmoja anakosea herufi ile ile ya jana, wawili wanafinyana kule nyuma, na ustadh sauti yake iko pale pale. Wazazi husema: yule anajua kumeza hasira.

Huenda hamezi kitu. Hasira ikimezwa haitoweki. Mwaka 1998 mwanasaikolojia James Gross wa Marekani aliwaonyesha wanafunzi 120 filamu ya mkono ukikatwa kwa upasuaji. Walioambiwa wasionyeshe chochote usoni waliweza, lakini kinyaa kilibaki vile vile ndani, na mwili ukasisimka zaidi. Walioambiwa tangu mwanzo waitazame kitaalamu, kama kazi ya upasuaji tu, kinyaa chenyewe kilipungua. Majaribio ya baadaye yakaleta jambo la ajabu zaidi: anayeshughulika kuuzuia uso wake hukumbuka kidogo yale aliyoyasikia. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza watoto wakisoma, hasara hiyo si ndogo.

Fikiria upepo ukiupiga mtumbwi wa tanga. Baharia mmoja anaing'ang'ania demani, kamba ya kuzuia tanga, kwa nguvu zote. Chombo hakipinduki, lakini mikono inaungua. Mwingine ameuona upepo ungali mbali, akailegeza kamba mapema. Aliye ufukweni haoni tofauti. Kwa ustadh, kulegeza ni kumtazama yule mkosaji na kumwona mtoto mwenye ulimi mzito, si mkaidi.

Imam Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikwishazitenga hali hizi mbili. Kujizuia, kwake, ni kwa yule ambaye ghadhabu imeshachemka. Kwa mpole haichemki, au ikichemka haimtaabishi. Ila akaongeza kwamba upole hupatikana kwa kujilazimisha upole mpaka uwe tabia. Basi wazazi hawajakosea kabisa: kumeza ni hatua ya mwanafunzi. Na wapo maustadh ambao bakora hutangulia ulimi, hao tuwaweke kando.

Tusiyabebe majaribio yale kupita uzito wake, lakini. Wanafunzi wale walikaa na filamu dakika chache. Ustadh ana watoto wale wale mwaka mzima, na baba zao atasimama nao safu moja kwenye swala ya Magharibi.